Karatasi Niliyobandika Gisozi

Nilikabidhi funguo za chumba cha seva siku ya Ijumaa, mkanipigia makofi, mkanipa saa ya ukutani, na nilipofika nyumbani Kibagabaga nikakuta ufunguo mmoja bado uko kwenye mkoba wangu. Sikutulia mpaka nilipourudisha Jumatatu asubuhi. Hiyo inatosha kuwaeleza mlikuwa mkifanya kazi na mtu wa namna gani. Nafunga mlango, natembea hatua kumi, narudi kuusukuma. Mlinicheka kwa hilo na mlikuwa na haki. Lakini mmoja wenu ameniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyoanza, na siwezi kuiandika bila huo wasiwasi, kwa sababu ndio ulionisaidia na ndio ulioniponza.

Nilikulia Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda, ndiyo maana naandika Kiswahili bila kukunja uso. Nilirudi Kigali baada ya mauaji ya kimbari. Nasema nilirudi kwa sababu kila mtu alisema hivyo, ingawa sikuwa nimewahi kuishi hapa hata siku moja. Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye mashine ya teleksi, katika ofisi moja pale Muhima. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya mashine kuanzia asubuhi hadi saa kumi nikiogopa kuigusa. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na cha kutuma.

Aliyenitoa kwenye teleksi ni Mzee Faustin, fundi wa laini za simu, mtu mfupi aliyetembea na bisibisi mfukoni hata akienda misani. Yeye pia alitokea Burundi, na tulizungumza Kiswahili cha huko huku wenzetu wakituangalia. Siku moja aliweka mezani kwangu kisanduku chenye taa nyekundu, akaniambia hiyo ni modemu, itaongea na simu, na mimi nitaongea nayo. Nikamuuliza ikiharibika nani atalaumiwa. "Wewe," akasema. "Kwa hiyo utaitunza." Sijawahi kupata mafunzo mafupi kuliko hayo.

Wakati huo intaneti mnayoijua ninyi ilikuwa haijawafikia watu. Kilichokuwepo ni wapenzi wa kompyuta, wachache, kila mmoja na mashine yake nyumbani au kazini, modemu, na laini ya simu aliyoipata kwa kubembeleza. Mashine ya mmoja iliipigia ya mwenzake, zikapiga kelele kidogo, zikabadilishana barua, zikakata. Barua iliruka hivyo kituo hadi kituo, mpaka ikatoka nchini kupitia Kampala. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Walikuwa wanaipenda tu, na waligombana juu yake kama watu wanaogombania mpira.

Shida ilikuwa anwani. Anwani zao zilikuwa namba tupu, zenye nukta mbili na alama ya mkwaju (/) katikati, na mtu wa Ulaya aliyetaka kumwandikia ndugu yake wa Kigali hakuwa na njia ya kuzijua. Kazi tuliyopewa mimi na Mzee Faustin ilikuwa kuviingiza vituo vyote katika mfumo mmoja wa anwani: jina la mtu, alama ya @, jina la kituo, na mwisho unaofanana kwa wote. Mashine yetu ya Muhima ingekuwa lango. Kila barua kutoka nje ingeingia hapo, na jedwali langu lingesema hii ni ya nani na ipelekwe namba gani. Zinazotoka pia zingepita hapo, na lango lingezigonga muhuri wa anwani mpya.

Wiki ya kwanza ya majaribio nilipata somo langu la kwanza. Mwenye duka mmoja alimwandikia shemeji yake salamu za Pasaka. Jina la shemeji halikuwa kwenye jedwali, lango likairudisha barua kwa kituo kilichoileta, kile kituo nacho kikaona si yake, kikairudisha langoni. Salamu za Pasaka zilikwenda na kurudi, zikiongezeka unene kila safari, mpaka diski ikajaa na barua za watu wengine zikakosa pa kukaa. Bwana wa kituo cha Kampala akanipigia simu, akaniambia kwa upole kwamba jambo hilo likitokea tena atatukata.

Tangu hapo niliweka sheria. Mtu mmoja, jina moja la kweli, mstari mmoja kwenye jedwali. Barua isiyo na mstari haiendi popote na hairudi kokote. Inaingia kwenye sanduku la zilizokwama, na mimi mwenyewe nitalifungua kila Jumanne. Mzee Faustin alisoma sheria hiyo, akasema ni safi sana. Kwa sauti yake nilijua hakuwa ananisifu, lakini sikumuuliza.

Kituo kilichonikosesha raha ni cha Gisozi. Siku hizi mkisikia Gisozi mnafikiria Agakiriro, maghorofa ya makochi na makabati. Wakati ule karakana ya seremala Deo ndiyo pekee iliyokuwa mlimani, alitengeneza vitanda, na pembeni, chini ya kitenge cha kuzuia vumbi la mbao, aliweka kompyuta. Kituo kilikuwa kimoja na sanduku la barua lilikuwa moja, la Deo. Lakini barua zilizoingia zilikuwa za nusu ya mlima. Watu waliandikiwa kwa mkono wa Deo, kama tulivyozoea barua za posta zinazopitia kwa padri au kwa mwalimu mkuu. Mstari wa kwanza ulisema barua ni ya nani, Deo akaichapa, akaikunja, akangoja mwenyewe apite. Alimjua kila mtu kwa sura.

Kwa jedwali langu jambo hilo halikuwezekana. Nilimwambia Deo nataka orodha ya watu wake wote, jina na mahali anapokaa. Akasema, "Yego, Mama Aline, nitaleta." Wiki iliyofuata nikamkumbusha. "Nitaleta." Mara ya tatu aliniangalia kidogo kabla ya kujibu, kisha akasema tena kwamba ataleta. Hata Buyenzi tulijua kwamba mtu anayesema ndiyo mara tatu bila kuleta kitu amekwisha kukukatalia. Mimi nilikuwa nahesabu siku, nikajifanya sijui.

Basi nikaitengeneza mwenyewe. Nilipitia mistari ya juu ya nakala za barua za zamani, nikachukua kila jina na, pale ilipotajwa, nyumba iko karibu na nini, nikayaingiza kwenye jedwali la majaribio. Nikachapa kurasa mbili kwa herufi kubwa, juu nikaandika: WATU WA KITUO CHA GISOZI. HAKIKISHA JINA LAKO. Nikapanda mlima. Deo alikuwa ameenda kupeleka vitanda Kacyiru, kwa hiyo nikaazima nyundo kwa fundi wake na kuigongomea karatasi kwenye mlango wa karakana, misumari minne, nikasogea nyuma kuona kama imenyooka. Nilishuka nimeridhika kabisa.

Siku mbili baadaye Deo alinitumia jedwali la kituo chake. Lilikuwa na jina moja, lake. Wengine wote alikuwa amewafuta. Nikajisemea ni uvivu, watu watajiandikisha taratibu wakiona faida, nikawasha mfumo mpya siku iliyopangwa. Wiki ile ya kwanza nilikaa nikichungulia kama kuna barua inayozunguka. Niliangalia diski kila baada ya dakika chache. Jumanne ikapita na sikufungua sanduku la zilizokwama.

Nililifungua Jumanne ya pili. Zilikuwemo tano, nne hazikuwa na maana. Ya tano ilikuwa imefika Jumatatu ya wiki iliyopita, imeandikwa kwa Kifaransa na mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa watoto huko Ulaya, na juu yake palikuwa na neno HARAKA. Kanuni yetu ni kutosoma barua za watu. Niliisoma, kwa sababu ilikuwa lazima nijue ni ya nani, kisha nikaendelea kusoma kwa sababu sikuweza kuacha.

Ilikuwa ya Vestine wa Gisozi. Alikuwa ameandika mara nyingi kwa mkono wa Deo, akimtafuta mdogo wake, Solange, aliyechukuliwa akiwa na miaka minne pamoja na watoto wengine na kupelekwa ng'ambo wakati wa vita. Mama yule alikuwa amempata mtoto huyo. Anaishi na familia inayompenda, na familia hiyo imeomba mahakama iwape awe mtoto wao moja kwa moja. Jaji atasikiliza Ijumaa hii, zimebaki siku tatu. Faili inasema mtoto hana ndugu. Majina ya mwisho ya Vestine na Solange hayafanani, na jaji wa kule haelewi kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Tena mtoto akiulizwa anasema hamkumbuki mtu yeyote anayeitwa Vestine. Kama wewe ni dada yake kweli, ilisema barua, tuandikie kabla ya Ijumaa kitu ambacho yeye mwenyewe atakitambua.

Anwani ilikuwa sahihi. Lango langu ndilo lililoigonga kwenye barua ya mwisho ya Vestine wakati wa majaribio. Kisha jina likafutwa, na lango lile lile likakataa kumjua.

Nilichapa barua, nikaiweka ndani ya blauzi, nikapanda Gisozi kwa miguu kwa sababu sikuweza kungoja gari lijae. Deo alikuwa anapiga randa. Kwenye mlango yalibaki matundu manne ya misumari.

"Namtafuta Vestine," nikasema.

"Hayuko. Alihama."

"Alihamia wapi?"

Aliendelea na randa mpaka mwisho wa ubao. "Mama Aline, ile karatasi yako watu waliisoma. Ile jioni walikuja hapa, mmoja mmoja. Wote walisema, Deo, futa mimi. Nikafuta. Vestine aliisoma tu, na jina yake nikafuta pia. Kesho yake alibeba vitu vyake, akaenda."

Nikamwambia ilikuwa karatasi ya anwani tu, ya barua.

"Najua," akasema Deo. "Wewe ulikulia Buja, hukuwepo, sikuhukumu. Lakini hapa kwetu urutonde, orodha ya majina, haiko karatasi tu. Ile wakati ya mauaji walikuja na orodha. Jina yako, nyumba yako iko wapi, karibu na nini. Walisoma, halafu waliingia. Na wewe umeweka jina na nyumba, umegongomea mlangoni."

Aliniambia ukweli kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia ataleta, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alikuwa amenikatalia mara tatu kwa adabu, ili nisilazimike kusikia sababu. Nilikaa juu ya kitanda ambacho bado hakijakamilika. Nikamtolea barua, nikamsomea kwa Kinyarwanda, naye akaweka randa chini.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

Alikwenda kunawa mikono, akavaa shati. Hakuniambia Vestine yuko wapi, alinipeleka.

Alikuwa Muhima, dakika chache kutoka ofisini kwangu, akishona kwenye baraza ya duka la vitambaa. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye pini mdomoni. Alimwona Deo akatabasamu, akaniona mimi nyuma yake akaacha kutabasamu. Deo alimweleza ni barua ya nani. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, akasema, "Soma polepole."

Nilisoma. Nilipofika pale mtoto anaposema hamkumbuki Vestine, alifunika mdomo kwa mkono. Hakulia. Aliuliza ni lazima jina lake liingie tena kwenye mashine. Nikamwambia ukweli kwamba bila mstari kwenye jedwali jibu la kwake halitapita, litakwama kama hili lilivyokwama. Naweza kulipitisha kwa jina la Deo, lakini kule wataona barua ya mwanamume seremala.

"Mimi sitaki," akasema. "Mama, unisamehe. Jina yangu sitaki."

Nilikuwa nimeanza kumwambia namwelewa, ingawa nilikuwa nimeelewa saa moja tu iliyopita, aliponikatiza.

"Lakini yule mtoto hakuniita Vestine. Alikuwa ananiita Vava." Alifikiri kidogo. "Hiyo unaweza kuweka?"

"Naweza kuweka jina lolote."

"Weka Vava. Hapa hakuna mtu anaijua. Wenye walikuwa wanaijua hawako."

Niliongeza mstari huo kwenye jedwali jioni ileile, Vava, kituo cha Gisozi, bila mahali anapokaa. Uliivunja sheria yangu ya kwanza, na tangu siku hiyo sikuirudisha. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini mfumo wetu haumlazimishi mtu kuandika jina la kwenye kitambulisho, na mara zote niliwajibu kwamba ni mambo ya kiufundi.

Jumatano Vestine alikuja kwangu akaniambia ya kuandika, machache: uani palikuwa na jiwe ambalo Solange alipenda kukalia akila, na kwamba alikuwa akibebwa mgongoni na Vava hata alipokuwa amekua, akikataa kushuka. Jibu hilo nililitafsiri kwa Kifaransa na kuliweka tayari kwa simu ya saa saba, wakati ofisi ziko chakulani na laini zina nafasi. Saa saba laini ya Kampala ilikuwa inatumika. Saa nane ilipokea, ikakata katikati. Saa tisa umeme ukaondoka Muhima yote. Mzee Faustin alitoka na bisibisi yake, akarudi akasema laini ni nzima, tatizo ni Mungu na kampuni ya umeme, na yeye hana bisibisi ya hao. Sikuweza kucheka. Alhamisi saa saba na robo barua iliondoka. Nilisoma mstari wa uthibitisho mara nne, nikamwomba Mzee Faustin ausome pia.

Ijumaa Vestine alikaa kwenye benchi letu tangu mchana akiwa na kitambaa cha mtu mapajani, akipindisha upindo. Deo alikuwa mlangoni, hakutaka kukaa. Simu ya saa kumi na moja ilileta barua moja tu, kwa Vava. Jedwali liliikubali. Vestine Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi, akaniambia nimsomee, neno kwa neno, nisiruke.

Mama yule aliandika kwamba jibu lilifika kwa wakati na lilisomwa mbele ya jaji. Solange alipoonyeshwa neno Vava aliomba hiyo karatasi, akaitia kwenye begi lake la shule, na hakutaka kuitoa tena. Jaji amekubali kwamba mtoto ana dada. Dada ataandika na mtoto atajibu, hakuna atakayezuia. Lakini mtoto atabaki na familia ile, kwa sababu hakukuwa na mtu wa upande wa dada aliyesimama mahakamani.

Chini yake palikuwa na sentensi moja zaidi. Niliiona kabla sijaifikia. Ingewezekana kuishia pale, barua ilikuwa mikononi mwangu na hakuna mwingine chumbani aliyeweza kuisoma haraka. Nataka mjue kwamba nililifikiria hilo. Kisha nikaisoma: "Kama tungepata jibu lako wiki moja kabla, tungeomba shauri liahirishwe mpaka utume mtu."

Vestine aliuliza, "Ile barua yao ya kwanza ilifika hapa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Ilikaa wapi?"

"Hapa. Kwangu. Kwenye sanduku ambalo sikulifungua."

"Siku ngapi?"

"Nane."

Mzee Faustin alitoka nje. Deo aliangalia chini. Vestine alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kwenye benchi, akasema, "Nimesikia." Baadaye akauliza kama mtoto bado anajua Kinyarwanda. Nikamwambia wanasema amesahau.

"Basi andika Kifaransa," akasema. "Andika: Solange, ni mimi Vava. Sikukuacha. Nilikuwa nakutafuta."

Niliandika. Akataka nimsomee, nikamsomea. Akaniambia nisiongeze kitu. Nilipiga simu ya Kampala kabla ya wakati wake, na safari hii ilipokea mara moja. Vestine alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, akauacha hapo mpaka modemu ilipokata. Sijui mpaka leo kama ulikuwa mkono wa kunisamehe au wa kuhakikisha sinyanyuki.